Ukuta wa meta 12 au bomba la meta 350? Kwa kikundi kinachotaka umeme wa mto wao

"Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima huku milimani Ludewa, mkoa wa Njombe. Tuna mto mdogo unaotoka msituni, haujawahi kukauka, na mahali fulani unaporomoka gengeni. Tulipima kwa simu tukapata kama meta 90 kutoka juu hadi chini. Juu ya genge kuna bonde zuri. Mkandarasi mwenye kijiko ametupa bei ya shilingi milioni 180 atuzibie bonde hilo kwa ukuta wa udongo wa meta 12, upana wa bonde ni meta 80, maji yatarudi nyuma kama meta 250. Anasema mwezi wa nne alipima lita 300 kwa sekunde, kwa hiyo bwawa likijaa presha itakuwa kubwa, tutapata kilowati 160 mwaka mzima, tutawauzia TANESCO na deni litaisha upesi kwa sababu maji ni bure. Nguzo zimefika senta lakini vitongoji vyetu viwili bado. Wanachama wameshaanza kuchanga. Tuanze?"

Ndugu Katibu, ukuta usubiri kwanza, ila mto msiuache. Mna kitu ambacho vikundi vingi hukitafuta bila kukipata: mwanguko mkubwa wa maji karibu na makazi ya watu. Tatizo ni kwamba fedha zenu zinataka kwenda kwenye ile sehemu ya mto isiyozalisha umeme. Naona swali lenu hasa ni kama milioni 180 mkizifukia bondeni zitarudi. Kwa vipimo ulivyonipa, hazirudi. Nitaweka hesabu wazi ili mwirudie wenyewe kwenye kikao, tena mbele ya huyo mkandarasi.

Umeme wa maji hutokana na vitu viwili, kiasi cha maji yanayopita na kimo yanachoanguka. Kwa mtambo mdogo wa kijijini chukua lita kwa sekunde, zidisha kwa meta za mwanguko, kisha zidisha kwa 6. Jibu ni wati. Kwa nadharia ungezidisha kwa 9.81, lakini bomba, tabaini (gurudumu linalozungushwa na maji) na jenereta hula karibu asilimia 40. Lita 300 mara meta 90 mara 6 ni wati 162,000, yaani kilowati 162. Kwa hiyo hesabu ya mkandarasi ni sahihi. Alichokosea ni mwezi. Aprili huko nyanda za juu mito huwa imejaa maji ya masika. Mto unatakiwa upimwe Oktoba na Novemba, kabla mvua mpya hazijashika, kwa sababu kipimo cha wakati huo ndicho unachoweza kumwahidi mwenye mashine ya kusaga. Sina kipimo chenu cha Oktoba, basi tuchukue mfano wa lita 80, ambapo 20 mnaziacha mtoni kwa ajili ya walio chini na viumbe wa majini. Zinabaki 60. Mara 90 mara 6 ni kilowati 32.

Hapo mkandarasi atawaambia kwamba ndiyo maana ya bwawa, lihifadhi maji ya Aprili yatumike Oktoba. Hoja hiyo ina mantiki, ila tuipime kwa ujazo. Bonde la milimani hukadiriwa kwa kuzidisha upana wa ukuta, urefu wa maji kurudi nyuma na kina chake, halafu kugawa kwa 6. Ukuta wa meta 12 haujazwi mpaka mdomoni, kwa hiyo kina kiwe meta 10. Themanini mara 250 mara 10, gawa kwa 6, ni kama meta za ujazo 33,000. Kwa macho ni ziwa, na siku ya uzinduzi watu watapiga picha. Lakini meta moja ya ujazo ikianguka meta 90 kwenye mtambo wenu inatoa uniti 0.147 tu. Bwawa zima, likiwa limejaa, limebeba uniti kama 4,850.

Mteja wa kawaida wa TANESCO hununua uniti kwa takriban shilingi 356, kodi na tozo zikiwa ndani. Maji yote ya bwawa lenu, yakigeuzwa umeme na kuuzwa kwa bei hiyo ya reja reja, ni kama shilingi 1,730,000. Likijaa mvua moja na kutumika kiangazi kimoja, hiyo ndiyo hifadhi yenu ya mwaka. Gawa milioni 180 kwa hapo. Ni zaidi ya miaka 100, bila riba, na tuta la udongo la kikundi halitadumu hivyo. Mkitaka litumike kuongeza kilowati 30 kiangazi, linakwisha kabla siku ya saba haijaisha.

Na presha? Presha haijali ziwa ni pana kiasi gani, hufuata kimo peke yake. Ukuta wenu ukijaa unaongeza meta 10 juu ya zile 90, yaani asilimia 11, na nyongeza hiyo inapungua kila mnapoyatumia maji. Meta hizo 10 mnaweza kuzipata kwa kupandisha banio, yaani kizuizi kidogo cha kuchepushia maji bombani, juu zaidi mtoni na kuongeza bomba, kama mto uko mteremkoni.

Mtauliza mbona serikali inajenga mabwawa makubwa. Linganisha mawili ambayo kila mtu wa Iringa na Morogoro ameyasikia. Mtera, kwenye Ruaha Mkuu, lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 600 likijaa, na mitambo yake ni megawati 80. Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, bwawa lake ni la hekta kama 26 hivi, lakini mitambo yake inatoa megawati 180. Kisa ni kwamba maji ya Kihansi yanaanguka meta zipatazo 850, hivyo kila meta ya ujazo inatoa kama uniti 2, wakati ya Mtera inatoa kama robo tu ya uniti. Mtera linalipa kwa sababu nyingine. Kina chake cha kazi, kutoka meta 690 hadi 698.5 juu ya usawa wa bahari, kinashika mabilioni ya meta za ujazo, na maji yakishatoka hapo yanashuka kuzungusha mitambo ya Kidatu, megawati 204, mara ya pili. Bwawa la kuhifadhi msimu mzima huleta faida likiwa kubwa mno na likiwa na mitambo mingine chini yake inayokula maji yale yale. Bonde lenu halina hata kimoja kati ya hivyo. Nyinyi ni wa ukoo wa Kihansi.

Ila Kihansi ina funzo lake chungu, maana ziwa dogo halimaanishi madhara madogo. Mto ulipogeuziwa handakini, mvuke wa maporomoko uliokuwa ukilowesha korongo ulipungua, na yule chura mdogo wa Kihansi aliyekuwa haishi pengine popote duniani akatoweka porini. Ilibidi vinyunyizio vya bandia viwekwe korongoni, na vyura waliozalishwa Marekani warudishwe. Lita 20 nilizoziacha kwenye hesabu yenu msizione kama sadaka. Mtaziongeza au kuzipunguza kwa maelekezo ya Bodi ya Maji ya Bonde, na zihesabiwe tangu mwanzo.

Sasa tuje kwenye kupima, kwa kuwa hapa shilingi laki chache huokoa mamilioni. Kwa mto wa ukubwa huo tumieni ubao wenye mkato wa V wa nyuzi 90. Tafuteni mahali mto umetulia na umenyooka, zibeni kwa mbao na udongo wa mfinyanzi hadi maji yote yapite kwenye mkato, na yadondoke upande wa pili bila kugusa ubao. Chomekeni kijiti chenye alama za sentimeta kiasi cha meta moja na nusu nyuma ya ubao, sifuri yake ikiwa sawa na ncha ya chini ya V. Msisome mkatoni kwenyewe, kwa kuwa pale maji yameshainama na mtapata pungufu. Sentimeta 20 ni lita kama 25 kwa sekunde, 25 ni lita 43, 32 ni lita 80, na 40 ni lita 140. Mnaona kimo kikizidi mara mbili maji yanazidi mara tano na zaidi, kwa hiyo kosa la sentimeta mbili si dogo. Kijana mmoja aandike kila asubuhi kuanzia Septemba hadi mvua zianze, pamoja na siku iliyonyesha. Mwaka mmoja ni mchache, ila ni bora kuliko Aprili moja, na wazee watawaambia kama mwaka huo ulikuwa mkavu au wa neema.

Mwanguko nao usipimwe kwa simu, ambayo inaweza kukosea meta kumi au ishirini bila aibu. Nunueni geji ya presha na mpira wa maji. Jazeni mpira mpaka hewa itoke yote, ncha ya juu iwe ndani ya maji mahali banio litakapokaa, geji iwe chini mtambo utakapokaa. Kila bar moja ni meta 10.2. Geji ikisoma 8.8, mna meta 90 kweli. Mpira ukiwa mfupi, pimeni vipande vipande mkijumlisha.

Mtambo wenyewe utakuwa hivi. Juu, banio la zege la kimo cha meta moja au moja na nusu, lenye nondo za kuzuia majani na mlango wa kufukuzia mchanga. Kisha chemba ya kutulizia maji, pana kiasi kwamba mchanga unazama kabla ya kuingia bombani. Msiibanie chemba hii. Mchanga wa milimani ukipita kwenye mwanguko wa meta 90 unatoka kwa kasi ya meta 40 kwa sekunde, na vikombe vya tabaini vinalika kama sabuni. Kutoka hapo bomba linashuka gengeni hadi nyumba ya mtambo.

Ukubwa wa bomba ndipo wengi wanapojifanyia ubahili wa hasara. Tuseme urefu ni meta 350 na maji ni lita 60. Bomba laini la kipenyo cha ndani cha milimita 200 litawanyang'anya kama meta 5 za mwanguko kwa msuguano. La milimita 150 litawanyang'anya karibu meta 20, yaani zaidi ya moja ya tano ya umeme wenu, kila saa, kwa miaka yote bomba litakapoishi. Daraja la presha nalo lizingatiwe. Meta 90 ni karibu bar 9 maji yakiwa yametulia, na mtu akifunga koki ghafla presha hupanda juu zaidi na bomba la PN10, yaani la kuhimili bar 10, linaweza kupasuka. Sehemu ya chini wekeni PN16, na koki iwe ya kuzungusha taratibu, ichukue dakika nzima kufunga. Juu, baada tu ya chemba, pawe na bomba la kupumulia. Majani yakiziba mdomo na maji yakaendelea kushuka bila hewa kuingia, bomba la plastiki hubonyea ndani.

Kwa tabaini, mwanguko huu unakubali Pelton yenye midomo kadhaa au ile ya maji kupita kati, wenyewe huiita crossflow. Zote mbili huvumilia maji yakipungua. Kuna watu watawashauri pampu iendeshwe kinyumenyume. Ni rahisi kwa bei na vipuri vyake viko mjini, lakini hufanya kazi vizuri kwenye kiasi kimoja tu cha maji, hivyo kama mto wenu unatoka 300 hadi 80 si chaguo la kwanza. Usisahau kidhibiti mzigo, kile kifaa kinachopeleka umeme usiotumika kwenye hita za maji. Bila hicho, watu wakizima taa saa tano usiku mashine itakimbia kupita kiasi, na umeme utakaobaki utaunguza televisheni za watu.

Kama mnataka hifadhi, iwepo, lakini ya siku na si ya msimu. Usiku wa manane hakuna anayetumia umeme. Mkikusanya zile lita 60 kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri mnapata meta za ujazo 1,296. Kidimbwi cha meta 26 kwa 25 chenye kina cha meta 2 kinatosha. Maji hayo mkiyatumia kwa saa tano za jioni, yanaongeza lita 72 kwa sekunde, na kutoka kilowati 32 mnafika 71 wakati ule hasa watu wanapozihitaji. Ila mkichagua njia hiyo bomba liwe la milimita 250 na tabaini ikubali lita 132. Lile la milimita 200 litawanyang'anya meta 20. Na zile lita 20 za mtoni zisikatwe usiku.

Hapo ndipo hesabu ya fedha inapoanza, na ndiyo inayowashinda wengi kuliko uhandisi. Mitambo ya ukubwa huu kwa kawaida hugharimu kati ya dola 3,000 na 6,000 kwa kilowati, pamoja na nyaya za kusambaza. Tuchukue 4,500, dola moja kwa shilingi 2,500. Kilowati 32 ni shilingi milioni 360. Mkipata mkopo wa asilimia 10 kwa miaka 15, marejesho ni kama milioni 47 kwa mwaka, na matengenezo na mishahara tuseme milioni 11. Jumla milioni 58 kila mwaka, mto uwe umefanya kazi au umelala. Hata maji yakiwa bure, riba inalipwa.

Mtambo huo ukikimbia saa zote za mwaka unatoa uniti 280,000, na kila uniti imewagharimu shilingi 207. Mkiuza nusu yake, ni 414. Mkiuza taa za jioni na kuchaji simu peke yake, ambazo hazizidi sehemu moja ya tano, uniti inawagharimu zaidi ya shilingi 1,000, wakati jirani yenu wa senta ananunua kwa 356 na aliunganishwa kwa shilingi 27,000. Hakuna atakayelipa. Kwa hiyo kabla ya kununua bomba, tafuteni wateja wa mchana: mashine za kusaga, karakana ya mbao, chumba cha baridi cha parachichi kama mnazo. Mashine moja ya kusaga ya kilowati 15 ikifanya kazi saa sita kila siku inanunua uniti nyingi kuliko nyumba nyingi sana za taa. Andikeni majina yao na saa zao. Orodha hiyo ndiyo benki wataitaka, na bila ruzuku au mkopo nafuu, kwa maoni yangu, mradi wa taa tupu msiuanze.

Kuhusu TANESCO, utaratibu wa wazalishaji wadogo wa kuuza kwenye gridi huanzia kilowati 100. Kwa kilowati 32 za kiangazi msihesabu mapato hayo. Chini ya megawati 1 hamhitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, lakini waulizeni kuhusu kujisajili. Pia ulizeni REA, Wakala wa Nishati Vijijini, kwa maandishi vitongoji vyenu viwili vimepangwa lini. Wakiwaambia ni mwaka ujao, huenda jibu zuri kuliko yote ni kusubiri nguzo na fedha zenu mzipeleke kwenye mashine za kusindika. Ikiwa mtajenga na kiangazi bado kinawabana, ongezeni paneli za sola. Mwenga kule Mufindi, penye mtambo wa maji wa megawati 4, waliongeza mitambo ya upepo ya megawati 2.4, kwa sababu kule upepo huvuma vizuri wakati maji yamepungua. 

Na kama wanachama watashikilia ukuta? Basi wajue wanachonunua. Tuta la meta 12 lenye upana wa meta 4 juu na miteremko ya kawaida, moja kwa tatu upande wa maji na moja kwa mbili upande mkavu, linakula udongo kama meta za ujazo 14,000, yaani lori za meta 10 zipatazo 1,400. Kijiko kinachimba na kumwaga, hakishindilii. Udongo unatakiwa utandazwe tabaka za sentimeta 15 hadi 20, uloweshwe kiasi, upitiwe na mashine ya kushindilia yenye gurudumu la meno, iitwayo roli ya miguu ya kondoo, baada ya udongo wa juu wenye mizizi kuondolewa wote na mtaro wa mfinyanzi kuchimbwa chini ya tuta. Katika bei uliyonitumia sikuona utoro, ile njia ya pembeni ya kupitisha mafuriko. Matuta mengi ya udongo hufa kwa kupitwa na maji juu. Mengine hutobolewa na maji yanayofuata bomba lililopitishwa ndani ya tuta bila kuta za kuyazuia. Na chini ya genge hilo kuna watu.

Kwa sababu hiyo, kuna mambo msiyaamue kwa barua kama hii. Ukuta wowote wa kuzuia maji mtoni unahitaji kibali, na wa kimo hicho usanifiwe na mhandisi aliyesajiliwa na ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) mwenye uzoefu wa mabwawa, aje alale huko, achimbe mashimo ya kupima udongo. Vivyo hivyo kama njia ya bomba inapita mteremko wenye nyufa, miti iliyoinama au chemchemi zinazotokeza masika, aje mtu aione kabla hamjamwaga zege. Kibali cha kutumia maji mtakiomba Bodi ya Maji ya Bonde. Mto wenu ukishukia Ruhuhu, ni Bonde la Ziwa Nyasa, ofisi ziko Tukuyu. Wao pia huenda wana kumbukumbu za mito ya jirani zitakazowaambia kama Oktoba yenu ilikuwa ya kawaida. Halafu fikeni Mawengi, wilayani kwenu huko huko, ambako ulijengwa mtambo wa kilowati 300 ukakabidhiwa chombo cha wananchi, Lumama. Muulizeni fundi wao, si mwenyekiti, ni kitu gani kiliharibika mara nyingi na kipuri kilichukua muda gani kufika.

Michango iliyokwisha kukusanywa wekeni benki kwa jina la kikundi. Ubao wa V, geji na mpira havitafika hata sehemu ndogo yake. Nitumie vipimo vya Septemba hadi Novemba, kimo cha geji, na orodha ya wateja wa mchana, tutaamua kipenyo cha bomba kwa tarakimu zenu wenyewe badala ya hizi zangu za mfano.